Columbo yupo kila Jumapili. Maigizo yetu yako wapi?

Huku Marekani ukinunua antena ya dola 20 au 30, ukaibandika dirishani upande wa minara na kuiacha televisheni itafute stesheni, unapata chaneli zisizodai kifurushi wala king'amuzi. Mojawapo ni MeTV, ambayo kazi yake ni kurusha vipindi vya zamani tu. Kwa miaka mingi imempangia Columbo, yule mpelelezi wa polisi wa tamthilia, Jumapili usiku. Anaingia na koti lake lililokunjamana na ile Peugeot 403 iliyochoka, na picha ni safi kuliko tamthilia nyingi zilizorekodiwa kwetu miaka ishirini iliyopita. Mfululizo wenyewe ulianza kurushwa na mtandao wa televisheni wa NBC Septemba 15, 1971.

Raha yangu inaishia hapo, maana swali linakuja lenyewe: ya kwetu ya 1971 sawa, tuyasamehe. Ya 1996 je? Ya 2003?

Najua kinachofuata. "Ameshaanza huyo, kakaa ughaibuni kidogo, kila cha kwetu kibovu." Subirini kwanza. Sisemi kwamba Wamarekani wana vipaji kutuzidi, wala sisemi wao ni watu wa kutunza kwa asili yao. Walitupa sana. Kuna mpelelezi aliyeitwa Rocky King, alirushwa na mtandao wa DuMont kuanzia 1950 hadi 1954, kipindi kikipigwa moja kwa moja kutoka studio. Leo zimebaki sehemu chache tu. Kipindi cha mazungumzo ya usiku cha Johnny Carson, ambacho Marekani nzima ilikuwa ikilala nacho, kanda zake nyingi za miaka kumi ya mwanzo zilifutwa ili zitumike tena, kwa sababu kanda ya video ilikuwa ghali. Hiyo hadithi ya kufutia kipindi juu ya kipindi si mnaijua? Basi na wao waliifanya.

Kilichowaokoa wapelelezi ni filamu, maana yake ule ukanda wa kamera za sinema, si kanda ya video. Perry Mason, yule wakili anayepeleleza kuliko polisi, alirushwa CBS kuanzia 1957 hadi 1966, sehemu 271, zote kwenye filamu ya milimita 35. Columbo naye, na wapelelezi wenzake Kojak na Rockford nao. Filamu ile haina habari na ubora wa televisheni ya wakati wake. Televisheni ya Marekani ilitumia mistari 525 kuchora picha, ila negativi ilikuwa imeshika mambo mengi mno kuliko hiyo mistari. Ndiyo maana leo wanaitoa negativi stoo, wanaisafisha, wanaipitisha kwenye skana, na ghafla unaona nyuzi za koti la Columbo ambazo mtazamaji wa 1973 hakuziona kabisa. Kanda ya video haina akiba ya namna hiyo. Kilichorekodiwa ndicho hicho hicho, na kila mwaka kinapungua.

Na kilichotunzwa kinastahili. Richard Levinson na William Link walipomtunga Columbo waligeuza kanuni ya hadithi za upelelezi: mtazamaji anamwona muuaji akiua dakika za mwanzo, na muda wote uliobaki ni wa kutazama alikosea wapi. Itazameni "Murder by the Book", iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa na miaka 24. Inaanza bila muziki. Unasikia taipureta tu. Gari linakuja kule chini barabarani, kamera inarudi nyuma pole pole mpaka unagundua kwamba muda wote ulikuwa ghorofani, ndani ya ofisi, na huyo anayepiga taipureta ndiye atakayekufa. Hakuna aliyesema neno, na tayari umeshika roho.

Au Jim Rockford, aliyeigizwa na James Garner kuanzia 1974 hadi 1980. Anatoza dola 200 kwa siku na gharama juu, wateja hawalipi, anaishi kwenye trela ufukweni, bastola kaiweka kwenye kopo la biskuti, na kila sehemu inaanza na mtu kamwachia ujumbe kwenye simu, mara nyingi wa kumdai. Mpelelezi anayedaiwa! Huyo angeeleweka Manzese bila kutafsiriwa.

Anayetaka kuzitazama vizuri, azingatie mambo haya. Picha zile zilitengenezwa kwa umbo la 4:3, kwa hiyo pande mbili za skrini lazima zibaki nyeusi. Ukiona picha imejaa skrini yote, basi ama imevutwa na watu wamekuwa wanene, ama imekatwa juu na chini na vipaji vya nyuso vimeondoka. Ingia kwenye mpangilio wa picha, zima ile huduma ya kulainisha mwendo, kwa sababu filamu inakwenda picha 24 kwa sekunde na televisheni za sasa hujitungia picha za katikati, mpaka Kojak anaonekana kama yuko kwenye taarifa ya habari. Kisha angalia urefu. Kipindi cha saa moja cha miaka ya 1970 kilikuwa na dakika kama 50 za hadithi, matangazo yakachukua zilizobaki. Leo matangazo yanataka zaidi, kwa hiyo vituo vya marudio hukata dakika kadhaa. Wanapenda kukata pale ambapo "hakuna kinachotokea": mpelelezi anavuka chumba, anashika kitu mezani, anauliza bei ya viatu. Kwa Columbo pale ndipo ushahidi ulipo! Ukikata hapo, mwishoni anamkamata mtu kwa kitu ambacho mtazamaji hakukiona. Na waliozitazama kwetu enzi za PAL, mfumo wa televisheni tuliokuwa tukiutumia, wasishangae sauti kuwa tofauti kidogo: sisi tulikuwa tunapewa picha 25 kwa sekunde, hadithi ikikimbia asilimia 4 na sauti ikipanda kidogo.

Sababu ya pili ya kuokoka kwao ni mkataba, na hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Chama cha waigizaji wa huku, Screen Actors Guild, kiligombania malipo ya marudio kwa miaka mingi. Kwanza yalikuwa na ukomo, kipindi kikirudiwa mara kadhaa malipo yanakwisha. Mwaka 1974 ukomo ule ukaondolewa. Tazameni kilichofuata. Kama ni lazima umlipe mwigizaji kila kipindi kinaporudiwa, lazima ujue nani aliigiza, sehemu gani, imerushwa lini, na kanda iko rafu ipi. Malipo yakazaa daftari, na daftari likaokoa kanda. Tena kipindi kinachoweza kuuzwa upya hakiwi uchafu wa stoo, kinakuwa mali. Watayarishaji walikuwa wakipiga hesabu kufikisha karibu sehemu 100, maana hapo vituo vya mikoani vinaweza kununua na kurusha kila siku ya wiki bila kurudia haraka. Tamthilia ya upelelezi ya Murder, She Wrote, ya Angela Lansbury, ilifika sehemu 264 katika misimu 12, 1984 hadi 1996. Inalipa mpaka leo.

Kwetu mwigizaji alilipwa posho ya siku, nauli, na chakula cha mchana. Mnalijua hilo kuliko mimi. Miaka inapita, kipande chake kinazunguka kwenye simu za watu, kinatazamwa na maelfu, na siku anapolazwa linafunguliwa kundi la WhatsApp la michango. Hilo ndilo linaloniuma. Halihitaji skana ya mamilioni. Linahitaji karatasi.

"Lakini mambo yote yapo YouTube siku hizi." Hapana, ndugu yangu, vipo vipande. Kimerekodiwa na mtu nyumbani kwa deki, kikapandishwa na mtu mwingine, kikakatwa kichwa na mkia, na juu yake kuna namba ya simu ya kinyozi. Jina la mwandishi wa mchezo hakuna. Na siku ile akaunti ikifungwa, basi.

"Watu wana shida za maji na dawa, wewe unalilia maigizo." Nalilia, ndiyo. Mjumbe wa nyumba kumi, lugha ya daladala ya miaka ya tisini, namna watu walivyoomba posa, bei ya unga iliyotajwa kwa bahati tu kwenye mazungumzo ya jikoni, yote yamo mle. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Bara tulisubiri mpaka 1994 ITV ilipoanza, kisha tukakaa sebuleni kwa jirani tukiwatazama Kaole, kundi lililotutolea Kanumba. Wakenya walikuwa na Vitimbi na Vioja Mahakamani. Huo ni utajiri, na kwa ucheshi wa mahakamani Wamarekani hawatufikii hata kidogo.

Na wapelelezi tulikuwa nao pia, msidhani nimewasahau. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa na kiko chake mwaka 1960, miaka 11 kabla mfululizo wa Columbo haujaanza. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba. Bwana Msa bado anasomeka kwa sababu alichapwa nakala nyingi, zikaenda shuleni, maktabani, uvunguni mwa vitanda. Nakala moja ikiliwa na mchwa, nyingine ipo Tanga. Kanda ya mchezo wa televisheni mara nyingi ilikuwa moja tu, kwenye rafu moja, kwenye chumba ambacho kiyoyozi kiliharibika.

Sasa wenye kanda, maana mpo: mtayarishaji mstaafu, mpiga picha wa zamani, mjane aliyeachiwa maboksi. Msizitie kwenye mashine kujaribu. Kanda za U-matic, zile kubwa za vituo vya televisheni, na aina nyingine za zamani, hasa zilizokaa kwenye unyevu wa pwani, gundi yake hunyonya maji na kulainika. Ukiicheza, inalia, inaacha unga wa kahawia kwenye vichwa vya mashine, na picha yako ndiyo huo unga. Wataalamu huiweka kwanza kwenye joto kavu la nyuzi kama 54 kwa saa nane au zaidi, wanaiacha ipoe, kisha wanaihamisha ndani ya wiki chache kabla unyevu haujarudi. Si kazi ya oveni ya jikoni, joto lake linaruka ruka na kanda itajikunja. VHS yenye ukungu mweupe pembeni isifunguliwe chumba kimoja na nzima, vumbi lake linahamia. Kanda zisimame wima kama vitabu, mbali na sakafu na spika, na kwenye kila boksi iandikwe jina la mchezo, tarehe, na majina ya walioigiza wakati bado kuna anayewakumbuka.

Zikihamishwa, zihamishwe kama zilivyo: 4:3, mistari yake yote, bila kuivuta picha wala kuilainisha. Kwa mfumo wa video ya kidijitali uitwao DV saa moja inakula kama gigabaiti 13, na mifumo isiyopoteza kitu inakula zaidi ya mara mbili ya hapo. Diski za siku hizi zinabeba. Wekeni nakala tatu, na moja ikae mji mwingine. Kinachokwisha ni mashine. Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016, na vichwa vya U-matic sasa vinatolewa kwenye mashine mbovu. Kanda za Lufufu, zile alizotusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka tukasahau Kiingereza chake, nazo ziko kwenye saa hiyo hiyo.

Na mnaoigiza leo, kabla ya kutia saini ulizeni mambo matatu: kipindi kikirudiwa nalipwa nini, kikiuzwa kwa kituo kingine au mtandaoni nalipwa nini, na nakala kuu inakaa wapi na nani mwenye nakala ya pili. Mtayarishaji akisema hayo ni ya Ulaya, mwambieni COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, imekwisha kugawa mirabaha kwa wanamuziki ambao nyimbo zao zinapigwa redioni, na wanamuziki wale hawaishi Ulaya. Akisema bajeti haitoshi, ombeni asilimia ya marudio badala ya fedha taslimu, maana hiyo haimgharimu shilingi mpaka siku atakapouza. Akikataa na hilo, iandikeni tarehe na jina la mchezo kwenye daftari lenu wenyewe, pamoja na majina ya wenzenu wote mlioigiza nao.