Lakrosi ya Vijana Baltimore: Waulizeni Wanapita Lango Gani

Lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, inarudi kwenye Olimpiki mwaka 2028 huko Los Angeles, na sitashangaa watangazaji wakiitaja Baltimore, mji wa jimbo la Maryland, kama makao makuu ya mchezo huo Marekani. Sibishi. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha mjini humo kiliiwakilisha nchi kwenye Olimpiki za 1928 na 1932, lakrosi ilipochezwa kama mchezo wa maonyesho. Ninachobishia ni ile hadithi kwamba watoto wa Baltimore huzaliwa na fimbo mkononi. Watoto gani hao?

Mchezo wenyewe ni wa wenyeji wa Amerika Kaskazini, na kwa Wahaudenosaunee (muungano wa mataifa ya wenyeji hao, waitwao pia Iroquois) hadi leo ni zawadi ya Muumba. Ulipoingia Baltimore mwishoni mwa karne ya 19 ulishikwa na klabu za watu wenye uwezo, kisha vyuo, kisha shule za binafsi. Wasichana walianza 1926, Rosabelle Sinclair alipoanzisha timu katika Shule ya Bryn Mawr. Hiyo nayo ni ya binafsi. Zipo shule za umma zilizocheza, tena vizuri, lakini hadi 1954 shule hizo ziliwatenganisha wanafunzi weusi na weupe. Kwa hiyo ukisikia "utamaduni wa mji", jua ni utamaduni wa baadhi ya mitaa.

Kuna watakaosema kila mtu ana mchezo wake, weusi walipenda mpira wa kikapu. Hoja hiyo ilikufa 1975. Chuo Kikuu cha Morgan State, chuo cha Weusi kilichopo Baltimore hapo hapo, kilikuwa na timu iliyoanza 1970 tu, wengi wao wakiwa wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Mwaka 1975 wakaenda ugenini na kuifunga timu ya Chuo Kikuu cha Washington and Lee, moja ya timu zilizokuwa zikitamba nchini. Kipaji kilikuwepo siku zote. Timu ikavunjwa 1981, na mpaka Hampton ilipoanza 2016, hapakuwa na chuo kingine cha Weusi katika daraja la kwanza la lakrosi ya wanaume.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ufundi wa msingi wa lakrosi haudai mengi. Mtoto akiwa na fimbo, mpira na ukuta anaweza kujifunza peke yake kudaka na kurusha kwa mikono yote miwili, na hata wachezaji wakubwa bado hufanya zoezi hilo. Gharama huja baadaye: kofia ngumu, glavu, kinga za mabega na mikono kwa wavulana (wasichana huhitaji miwani ya kinga na kinga ya meno tu), halafu ada za klabu na safari za mashindano ya kiangazi, ambako makocha wa vyuo huenda kuchagua. Ilifika mahali watoto wa miaka kumi na minne wakaahidiwa nafasi vyuoni, hadi NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, ilipopiga marufuku 2017 mawasiliano ya mapema ya aina hiyo.

Marufuku hiyo ilikuwa sahihi, ila iligusa kalenda tu. Klabu ya kulipia bado ndiyo njia ya mkato ya kuonekana. Mimi ningependa makocha wale wale walazimike kutumia sehemu ya kiangazi chao kwenye viwanja vya shule za umma za Baltimore, kabla ya kukanyaga mashindano yoyote yenye kiingilio.