Nukta Mbili za Chini

Leo asubuhi mwenye mashua mmoja pale ufukweni, kijana ambaye babu yake ndiye aliyenipa kazi yangu ya kwanza ya kuandika jina la chombo, alinikabidhi ubavu wa mashua yake, akakubali bei bila kunung'unika, nami kwa ujinga wangu nikadhani dunia imeanza kutengemaa. Nilipokwisha kuchovya brashi akaniambia, kwa sauti iliyowafikia wachuuzi wote wa samaki: "Fundi, jina hilo lina i mbili. Tafadhali nukta zake ziache palepale zinapokaa." Ufuko mzima ulicheka. Alicheka hata mama muuza ming'oko, ambaye kibao chake cha bei nilimwandikia bure.

Sasa nami niseme, maana nimenyamaza tangu msimu wa korosho uliopita na kunyamaza hakujanisaidia kitu.

Mimi ni mwandishi wa mabango kwa miaka 26. Katika mji huu wa Lindi ni vigumu kupita mtaa usio na saluni, genge au gereji iliyopitiwa na mkono wangu, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukosea herufi, ukiondoa bango moja la nyama ya ng'ombe ambalo niliisahau ile alama ya juu, na nyama ikauzika vilevile. Balaa lilianza katika ile miezi mnayoijua, fedha za korosho zinaposemwa kuwa ziko njiani na njia yenyewe haitajwi ni ipi. Tajiri mmoja wa halua alitaka bango lenye Kiarabu juu na Kiswahili chini. Ndugu yake aliyeko Muscat alimtumia maneno kwa simu, "Baitul Halwa", yaani Nyumba ya Halua, nayo yakachapwa kwenye karatasi kwa mashine iliyokuwa inamalizia wino wake. Tajiri angeniuliza kama ninasoma Kiarabu ningemjibu ukweli. Hakuuliza. Aliiona baraghashia yangu akatosheka.

Neno la kwanza lilikuwa na jino, kisha jino jingine, kisha kitu mfano wa mtumbwi. Juu ya mtumbwi palikuwa na nukta mbili, na chini ya meno palikuwa na nukta tatu zimebanana kama abiria wa kiti cha nyuma cha bajaji. Mimi ni fundi, ninajua bango linavyotakiwa kulala machoni mwa mtu: tatu chini, mbili juu, na pale katikati kwa juu pametupu kabisa! Nikahukumu kwamba mbili kati ya zile za chini ni madoa ya mashine, nikaziacha. Na ili pale juu pasibaki patupu, nikapaweka nukta moja ya mviringo, rangi ya dhahabu, ambayo kwa kweli niliipenda kuliko bango zima. Mwishoni mwa neno la pili palikuwa na herufi kama bata aliyelala, isiyo na nukta hata moja. Nilitaka kumhurumia naye, lakini rangi ya dhahabu ikawa imekwisha.

Bango lilitundikwa Alhamisi. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, mzee mmoja aliyevuka na kivuko kutoka Kitunda alisimama chini yake, akakohoa, akasoma kwa sauti ya khatibu: "Bintul Halwa." Binti wa Halua! Sasa tajiri yule anaye binti, na binti mwenyewe ana miaka 22, na vijana wa kijiweni hawakuhitaji tafsiri ya pili. Kufikia Magharibi posa tatu za mzaha zilikwisha kuletwa dukani. Kumbe jino lenye nukta mbili chini ni yee, na jino lilelile likiwa na nukta moja juu ni nuni; ukiwa na yee una nyumba, ukiwa na nuni una binti wa watu. Na yule bata wa mwisho, ambaye nilimwacha bila nukta kwa uchovu tu, ndiye aliyekuwa sahihi, kwa sababu ni alifu iliyovaa umbo la yee na haistahili nukta. Bango lilikuwa la shilingi 80,000, nikawa nimepokea nusu. Zile 40,000 zilizobaki zimezuiliwa mpaka leo, pamoja na ujumbe kwamba nikajifunze kwanza alifu na bee.

Aibu ni kwamba alifu na bee ninazijua. Nilizisoma chuoni utotoni kama watoto wote wa pwani hii, tukaziimba kuanzia alifu hadi yee mpaka kuku wa mwalimu wetu wa wakati ule wakazizoea, lakini nilihitimu kwa masikio tu. Ninazijua kwa majina na sizijui kwa sura. Kwa miaka arobaini nimehudhuria hitima, ambako juzuu 30 hugawiwa waliohudhuria, nikapokea juzuu yangu kwa heshima, nikatikisa midomo, na kufunua ukurasa kila jirani yangu alipofunua wake. Nilikwama siku moja tu, nilipokaa karibu na mtu wa aina yangu, tukawa tunasubiriana.

Basi nikaenda kwa Maalimu baada ya Alasiri, kwa kupitia uchochoroni. Maalimu, mtu mpole ambaye amenizidi umri kwa miaka michache tu, hakunicheka wala hakuuliza sababu, jambo lililonithibitishia kwamba habari imemfikia. Alinikalisha kwenye jamvi, kati ya watoto wa miaka sita na saba, akanipa kijuzuu na njiti ya chelewa ya kuonyeshea herufi, na jina la njiti hiyo, kwa umri wangu, halikunikaa vizuri. Kisha akamwita binti mmoja wa miaka saba, aliyeng'oka meno mawili ya mbele, akamwambia anisimamie. "Shikamoo Babu," akasema yule mtoto. Babu! Mimi, ambaye kitindamimba wangu yuko darasa la saba!

Siku za mwanzo, sitaki kujisifu, zilikwenda vizuri, kwa sababu jicho la fundi lina faida zake. Bee, tee na thee niliziona ni mtumbwi mmoja: bee samaki wake mmoja ameangukia chini, tee imepakia abiria wawili, thee imepakia watatu na haijali sheria. Lamu ni ndoana. Sini ni msumeno, na shini ni msumeno ulionyeshewa mvua. Jimu, hee na khee ni tumbo moja, la kwanza limemeza nukta, la pili lina njaa, la tatu nukta iko kichwani. Kisimamizi changu alinisikiliza kwa makini, akasema, "Babu, Maalimu hatufundishi hivyo," lakini kesho yake nilimsikia akimweleza mwenzake habari za mtumbwi.

Tulipofika kwenye aini ndipo heshima yangu ilipoanza kuvuja. Maalimu aliandika ubaoni maumbo manne na kuniuliza ni nini. Nikasimama, nikapiga hatua nyuma kama ninavyofanya mbele ya bango, nikajibu kwa utulivu wa mtu mzima. La kwanza, nikasema, ni aini, kwa sababu limeachama kama mtu anayeshangaa na lina tumbo chini. La pili ni hamza iliyonenepa. La tatu, lililobanwa katikati ya wenzake na kichwa kimezibwa, ni fee iliyofutika nukta. La nne silijui, ila linafanana na la tatu lililoota mkia.

Watoto walilala chini kwa kicheko. "Babu," akasema kisimamizi, "zote ni aini."

"Haiwezekani," nikasema.

"Ya kwanza imekaa peke yake," akaeleza Maalimu, "ya pili imeanza neno, ya tatu iko katikati, ya nne iko mwisho. Herufi ni moja, Fundi, imebadilisha nguo tu."

Hapo nilisahau kwamba niko mbele ya watoto. Nikamwambia: Maalimu, mimi nikienda kuchukua kitambulisho nikiwa na sura nne, ya nyumbani, ya safarini, ya kwenye msongamano na ya wakati wa kurudi, nitawekwa ndani. Nikamwambia kwamba nimeandika A katika mabango kwa miaka 26, na A ya mwanzo ni A ya katikati ni A ya mwisho, mtu mwaminifu, unamkuta ulikomwacha. Nikaomba chaki na kupiga hesabu hadharani. Herufi ziko 28. Sita kati yake, alifu, dali, dhali, ree, zee na wau, zina kiburi: hupokea mkono wa aliyetangulia lakini hazimpi mkono anayefuata (nina mashemeji wa namna hiyo), kwa hiyo zina sura mbili tu kila moja. Zinabaki 22 zenye sura nne nne, ambazo ni 88. Ongeza 12 za wale mashemeji. "Sura 100, Maalimu! Mia kamili! Na mtu anakuja kuninyima fedha zangu kwa nukta!"

Maalimu alinyamaza, akaichukua chaki mkononi mwangu, akaandika A kubwa na pembeni yake a ndogo. Akaandika G na g. Akaandika R na r. Kisha akaniuliza kwa upole kama hao wote ni watu waaminifu unaowakuta ulikowaacha.

Niliutazama ubao ule kwa muda mrefu sana. Miaka 26 nimeziandika herufi hizo, na sikuwahi hata siku moja kuona kwamba a haifanani na A kwa lolote. Mtoto akanigusa goti akasema, "Babu, usilie." Sikuwa ninalia. Ilikuwa ni vumbi la chaki, na kila aliyekuwapo anajua hivyo.

Sauti ya aini yenyewe sitaki kuizungumzia. Hutoka kooni, mahali ambapo mimi nimezoea kutolea miiba ya changu. Mama watoto ameomba nifanyie mazoezi nje.

Maalimu aliponiona nimenywea, alitaka kunifariji kwa kunieleza kwamba zamani, katika miaka ya mwanzo kabisa ya Uislamu, maandishi haya yaliandikwa bila nukta au kwa nukta chache mno, na kwamba nukta zilikuja kukazwa baadaye, zama za Bani Umayya, Hajjaj bin Yusuf alipokuwa gavana wa Iraki. Faraja gani hiyo? Nimechelewa kuzaliwa kwa miaka 1,300 tu, vinginevyo bango langu lisingekuwa na kosa! Nikamwuliza wasomaji wa wakati huo walijuaje nyumba na binti. Akasema walikuwa wanajua lugha. Niliona ni jibu la kunisema.

Na huku kwetu hatuna hata pa kujitetea. Mkoani humuhumu, Kilwa Kisiwani, masultani walipiga sarafu za shaba zenye majina yao kwa herufi hizihizi, maneno ya upande mmoja yakifanya vina na ya upande wa pili, na sarafu chache za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Sarafu imefika Australia ikiwa na herufi zake zote, na bango langu limeshindwa kukaa siku mbili mtaa wa pili kutoka nyumbani kwangu.

Tarakimu nazo nisingependa kuzitaja, isipokuwa niseme kwamba tano yao ni kiduara kama sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta. Nukta tena!

Jambo lililobaki ni la wiki iliyopita. Katika mkebe wa bati alioacha babu yangu mna karatasi moja ambayo ukoo mzima huiogopa, kwa sababu ni ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wa pwani walivyokuwa wakiandika barua na madeni yao, na kila mjomba anaamini kuwa inahusu shamba lake la minazi. Nikasema sasa ninajua sura 100, acha niisome. Nilikaa nayo jioni tatu kwa njiti ya chelewa, nikitafuta kwa kisra moja, kile kistari cha chini ya herufi, kama ni i au ni e, na jioni ya tatu sentensi ikakamilika: nimeuza baba wawili.

Nilikaa kitako. Shida za wakati ule tumesimuliwa, na mtu anaweza kufikia mahali pabaya, lakini baba wawili aliwatoa wapi? Nikaipeleka kwa Maalimu kabla hata ya Alasiri, safari hii kwa njia kuu. Akaitazama, akauliza babu yangu alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa mvuvi. "Basi ni papa," akasema. "Kiarabu hakina p. Wako waandishi walioongeza nukta ziwe tatu chini ya bee ili isomeke p, na wengi hawakujisumbua, waliandika bee hiyohiyo na msomaji akajijazia."

Akajijazia! Mimi nimezuiliwa shilingi 40,000 kwa sababu ya nukta, na babu yangu ameuza baba wawili kwa maandishi, na mnunuzi akaelewa!

Alilipwa kiasi gani sijui bado, kwa sababu mwisho wa mstari pana kijiti kimoja kinachofuatwa na nukta mbili, na nukta hizo ama ni sifuri, papa wakawa wameuzwa mia moja, ama ni matone mawili ya chai. Yule mtoto anasema ni chai. Wajomba wanasema nizifute waone. Mimi nukta mbili zikiwa chini au juu, siku hizi sizigusi.