Nyani wa kulipiwa kiingilio

Mwezi wa saba mwaka jana mama alikuja kututembelea huku Uingereza, mara yake ya kwanza kupanda ndege. London ilimchosha kwa siku mbili tu. Watoto wakaamua wao: tumpeleke bibi mbuga ya wanyama, ile ya kupita na gari. Dada yangu aliyeko Tanga aliposikia alinirushia sauti ya WhatsApp ya dakika mbili, nusu yake kicheko. "Yaani mmetoka kwenye simba, mnakwenda kumlipa Mzungu awaonyeshe simba?"

Nilicheka nami, kisha nikajiuliza: simba yupi huyo niliyetoka kwake? Nimezaliwa Pangani, nimesoma Tanga mjini, nimefanya kazi Dar miaka sita. Saadani iko mlangoni kwetu, hifadhi ya taifa tangu 2005, pori lake linakwenda mpaka kwenye mchanga wa bahari, na sijawahi kutia mguu. Simba wangu wa kwanza nilimwona kwenye noti ya elfu mbili. Wa pili ni huyu wa Uingereza, amejilaza kwenye majani mabichi, manyunyu yanamnyeshea, wala hana habari.

Biashara hii ilianzia Longleat, kule Wiltshire, mwaka 1966. Bwana wa pale alikuwa lodi mwenye jumba la kifahari na ardhi isiyo na mwisho, ila jumba kama hilo linakula pesa. Tangu 1949 alikuwa anawauzia watu tiketi za kuingia kulitazama. Akaja Jimmy Chipperfield, mtu aliyekulia kwenye sarakasi, na wazo la kugeuza kibao: badala ya kumfungia simba, wafungiwe watu ndani ya magari yao, simba atembee. Majirani walipiga kelele, lakini magari yalipanga foleni, na wenye majumba wengine wakaiga. Neno walilolichukua ni letu, safari. Kwetu hata kwenda Muheza kuzika ni safari. Kwao lazima awepo twiga.

Basi tukaenda. Baba watoto kwenye usukani, mama mbele kwa heshima yake, mimi nyuma katikati ya watoto wawili na hotpoti la pilau mapajani. Masharti yameandikwa kwa herufi kubwa: madirisha yafungwe, asishuke mtu, gari likiharibika kaa humohumo mpaka walinzi waje. Kumbe siku hiyo, baada ya manyunyu ya asubuhi, jua likaamua kuwaka, na kiyoyozi chetu kilikufa zamani. Harufu ya bizari na vitunguu ikajaa, vioo vikaingia ukungu, na katikati ya eneo la simba mdogo akatangaza kwamba anataka kukojoa. Mnaojua mnajua.

Kwa nyani kuna kibao kinachoonya kwamba watakuharibia gari, na njia ya pembeni kwa wasiotaka. Baba watoto alitaka hiyo ya pembeni. Akapigiwa kura, akashindwa.

Hazikupita dakika mbili dume moja likaruka juu ya boneti. Likakaa, likatutazama mmoja mmoja, halafu likashika waipa na kuanza kuchubua ule mpira taratibu, kama mtu anayemenya muwa. Watoto wanapiga mayowe ya furaha, simu zote juu. Mama naye ghafla akapiga makofi makubwa, pa! pa! pa!, akafoka: "Tokaaa! Toka we mlaanifu!" Sauti hiyo sikuwa nimeisikia miaka thelathini. Ni sauti ya shamba.

Dume halikutingishika. Mama akageuka nyuma akaniambia, "Hawa hawa, mwanangu. Hawa ndio walionifanya nisiende darasa la tano."

Nilijua kwamba mama hakumaliza shule, ila sikuwahi kuuliza kwa nini. Ndipo akawaeleza wajukuu zake, huku nyani anaendelea na mpira wake: mahindi yakianza kubeba, mtoto mmoja wa nyumba lazima ashinde kwenye dungu, na debe bovu la kupiga na kombeo. Nyani wanamjua mwanamke na mtoto, hawawaogopi. Mkubwa akaja kuuliza, "Bibi, ulikuwa na miaka mingapi?" Kumi na moja. Umri wake yeye. Akashusha simu.

Hapo ndipo nisipokubaliana na dada yangu, na pia na wenzangu wa huku wanaosema mbuga hizi zinawafundisha watoto asili yao. Kama matembezi ya familia, ni mazuri, nitayarudia. Ni wapi tena utawaweka vizazi vitatu kwenye gari moja kwa saa tatu asitoke mtu? Lakini asili yetu si kumtazama nyani. Asili yetu ni kulima jirani naye, na huyo jirani hana masihara. Watafiti walihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba kuanzia 1990 hadi 2004, wengi wao kusini, Lindi na Rufiji, na sababu mojawapo ni kwamba watu hulala mashambani kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Nguruwe anafuata mahindi, simba anamfuata nguruwe, na mtu yumo katikati kwenye kibanda cha makuti. Mtalii hayajui hayo, sawa. Ila mimi wa Pangani kutoyajua mpaka nikakatiwa tiketi Ulaya, hiyo imenikaa vibaya.

Njiani kurudi mama aliuliza kiingilio kilikuwa bei gani. Nikamgeuzia kwa shilingi, zaidi ya laki tatu. Akanyamaza mpaka tukaingia barabara kuu, akasema, "Nasi tuliowalisha bure?"

Desemba tunakwenda nyumbani, na safari hii Saadani tunaingia. Mama amekubali kuja. Sharti lake moja: pilau hapiki, nyani wanaisikia harufu.