Bibi Yangu Hana Pepo

Jioni moja mwaka jana tukiwa barazani, Tanga, Bibi aliniinamia akaninong'oneza: "Mjukuu wangu, wale watoto pale kwenye mwembe ni wa nani?" Nikatazama. Chini ya mwembe walikuwapo kuku wawili, basi.

Hazikupita siku tatu, baba mdogo akawa ameshamtafuta mganga wa kupunga pepo. Shangazi akasema ni uzee, akili imechoka. Bibi akanyamaza. Hilo linaniuma hadi leo, maana watoto wale waliendelea kuja, ila hakuwa tena na wa kumwambia.

Kwamba macho yake ni mabovu tulijua. Ana ugonjwa wa makula, yaani kile kitovu cha retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) kinachotuwezesha kusoma na kutambua sura kimechakaa. Akikutazama usoni anaona doa, lakini pembeni anaona. Jicho la kushoto lina aina kavu, inayokwenda polepole. La kulia lina aina ya kuvuja: mishipa dhaifu ya damu huota chini ya retina na kumwaga majimaji. Hilo huchomwa sindano ya bevacizumab, dawa iliyoanza kama tiba ya saratani ya utumbo mpana, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Sindano ya jichoni inatisha kuisikia, ila ganzi hutangulia, na Bibi anasema anahisi kama kubonyezwa tu. Inalinda uoni uliobaki. Ukikatisha kliniki, uvujaji unaweza kurudi, kwa hiyo nauli yake tunaitenga kabla ya mchele.

Miezi yote hiyo ya kliniki, hakuna aliyetutajia habari ya watoto wa mwembeni. Kumbe hali hiyo inajulikana tangu 1760, mwanasayansi Charles Bonnet wa Geneva, Uswisi, alipoandika juu ya babu yake, mzee mwenye akili timamu na macho hafifu, aliyekuwa akiona watu na ndege wasiokuwapo. Ubongo ukikosa picha ulizozoea kutoka machoni, hujitungia zake. Picha hizo hazisemi kitu, na aghalabu mwenyewe hutambua si za kweli. Anayesikia sauti, au anayechanganyikiwa ghafla, huyo ana jambo jingine na apelekwe hospitali upesi.

Madaktari wetu, nawaomba: siku mnapomwambia mzee makula imeharibika, mwambieni na hili. Ni maneno ya dakika mbili. Bila hayo, mzee anaogopa peke yake usiku, akidhani anarukwa na akili.

Nilipomweleza, Bibi alinishika mkono akauliza, "Kwa hiyo na wengine wanaona?" Nikamjibu, wengi. Siku hizi anatutangazia mwenyewe: "Wamekuja wale wa kanga nyekundu." Namwashia taa, anapeleka macho kushoto na kulia mara kadhaa ili wafifie, kisha anarudi kwenye kahawa yake.