Alama za Florasensi katika Polima: Shahidi wa Mkusanyiko au Chanzo Chake?

Wanaochunguza jinsi polima (molekuli ndefu kama minyororo) zinazoyeyuka katika maji zinavyokusanyika huambatisha kwenye minyororo yake molekuli chache zinazong'aa zikimulikwa, ziitwazo alama za florasensi, na pireni ndiyo inayopendwa zaidi. Pireni iliyo peke yake hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 375 hadi 400. Ile iliyosisimuliwa na mwanga ikikutana na mwenzake huunda eksaima, jozi ya muda mfupi ambayo mwanga wake huchorwa na mashine kama kilima kipana karibu na nanomita 480. Uwiano wa mianga hiyo miwili ndio unaosomwa kama kipimo cha mkusanyiko.

Watetezi wa njia hii wana hoja nzito, kwa kuwa inatambua mabadiliko katika mmumunyo mwepesi ambamo kipimo cha mnato hakioni kitu. Katika polima ya asidi ya akriliki, pH ikiwa ya chini vikundi vya asidi hukosa chaji, mnyororo hujikunja na eksaima huongezeka. pH ikipanda, chaji hasi husukumana, mnyororo hutanuka na kile kilima hushuka.

Tatizo ni kwamba pireni yenyewe hukwepa maji, kiasi kwamba lita moja huyeyusha takriban miligramu 0.13 tu. Ukiifunga kwenye ncha zote mbili za polima ya oksidi ya ethilini, ambayo kwa asili hupatana vizuri na maji, ncha hizo huanza kutafutana, na hapo shahidi amekuwa mshiriki wa tukio. Isitoshe, eksaima peke yake haielezi kama pireni mbili zimetoka katika mnyororo mmoja au miwili, wala kama zilikutana baada ya kumulikwa au zilikuwa zimeshikana tangu awali. Swali la kwanza hujibiwa kwa kuzimua mmumunyo: uwiano usipobadilika, yaelekea ni mnyororo mmoja. La pili linahitaji kulinganisha spektra za usisimuaji (michoro inayoonyesha ni urefu gani wa wimbi unaoamsha mng'ao) za mianga yote miwili, kwani tofauti ya nanomita chache huashiria kwamba jozi zilikuwepo kabla. (Oksijeni nayo iondolewe, maana huzima mng'ao wa pireni.)

Kwa maoni yangu, ushahidi wenye nguvu zaidi ni wa kuchanganya minyororo yenye naftalini (molekuli nyingine inayong'aa) na mingine yenye pireni: nishati huhama kutoka naftalini kwenda pireni katika umbali wa nanomita chache tu, hivyo pireni ikiwaka kwa nishati hiyo, minyororo tofauti imekaribiana. Hata hivyo, bado inafaa kurudia jaribio kwa alama chache zaidi, kwa sababu mkusanyiko unaofifia kadiri alama zinavyopungua ni wa alama, si wa polima.

Kwa polima za kuongeza mnato zilizoundwa makusudi na vikundi vinavyokwepa maji, pingamizi hili hupungua makali, kwa kuwa pireni huchukua nafasi ya kikundi ambacho kingefanya kazi ileile. Lakini pireni ni bapa na ngumu, ilhali mikia ya haidrokaboni ambayo nafasi yake imechukuliwa na pireni hunyumbuka, kwa hiyo nguvu ya mshikamano iliyopimwa kwa moja haifai kuhesabiwa kuwa ya nyingine bila kupimwa upya.