Nafuu ya Kodi Isiyomfikia Mwenye Lori Moja

Nina lori moja la boksi, nasambaza vitanda na makabati hapa Columbus, Ohio. Kutwa ni kusimama na kuondoka: taa, mlango wa mteja, taa tena. Kwa kazi hii hakuna gari linalofaa kama la haibridi, lenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kwenye dizeli yangu nguvu ile yote inaishia kula pedi za breki. (Dreva wa masafa marefu, anayekaa saa nzima barabara kuu bila kugusa breki, haibridi haimsaidii sana, na sibishani naye.)

Basi mwaka 2024 nikamwendea mhasibu wangu, dada wa Kisumu asiyependa maneno mengi. Sheria ya Marekani ya 2022 ilikuwa na ahadi tamu: ukinunua lori la haibridi la kuchaji kwa waya, la daraja la uzito wa pauni 14,000 kwenda juu, yaani tani sita na ushee, unapunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya gharama yake, au tofauti ya bei kati yake na lori la kawaida, ile iliyo ndogo, kikomo dola 40,000.

Dada akanigeuzia kompyuta. Mstari wa juu ulikuwa kodi ya mapato: dola 1,900. Chini yake, kodi ya anayejiajiri, ile asilimia 15.3 ya pensheni na matibabu ya uzeeni, ndiyo inayonikaba koo kila mwaka.

“Kaka, nafuu inakata ya juu. Ya chini haigusi.”

Na kuna lingine. Ukinunua lori jipya, uchakavu wake unaingia kwenye gharama, faida inashuka, hata zile 1,900 zinayeyuka. Nafuu isiyotumika unaruhusiwa kuibeba mbele hadi miaka 20. Miaka 20! Lori lenyewe litakuwa limeshauzwa kwa kilo.

Kinachoniudhi ni kwamba waliotunga sheria walilijua tatizo hili. Mji au kanisa, visivyolipa kodi, viliwekewa utaratibu wa kulipwa fedha taslimu. Aliyenunua gari la familia, kuanzia Januari 2024, aliweza kumwachia muuzaji nafuu yake na kupunguziwa hadi dola 7,500 palepale dukani. Kwa lori la biashara mlango huo haukuwepo. Kampuni yenye faida nono ilikula, halmashauri ilikula, mimi nilinusa.

Si mara ya kwanza. Sheria ya 2005 nayo ilitoa hadi dola 12,000 kwa malori mazito kabisa ya haibridi, mpaka mwisho wa 2009, kwa mtindo uleule: ukate kwenye kodi unayodaiwa, na lori liwe jipya. California walikuwa na akili zaidi. Vocha yao ya malori, iliyoanzishwa 2009, inapitia kwa muuzaji. Unalipa bei iliyokwisha kupunguzwa, na jimbo linamalizana naye.

Sasa Bunge la Marekani limeifuta ile nafuu ya 2022: lori lililonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025 halipati kitu. Kijiweni kuna wanaoshangilia kwamba pesa za bure zimekwisha. Mimi sishangilii, ila ikirudi naomba ipitie dukani, isipitie kwenye fomu.

Wiki iliyopita nimebadilisha pedi za mbele, mara ya pili mwaka huu.