Meno ya mbwa mkononi: mchezo au shari?

Mbwa akishika mkono wa mwenye nyumba kwa meno, waliokaa pale hugawanyika papo hapo. Mmoja anacheka: huyo anakupenda. Mwingine keshapandisha miguu kitini: leo kashika, kesho ataondoka na kidole. Kila mmoja ana hoja yake, ila kwa maoni yangu wote wanatazama mahali pasipo penyewe, maana macho yao yako kwenye meno.

Wanaomtetea mbwa wana msingi. Hana mikono; mdomo ndio anaoshikia, ndio anaochunguzia na kuchezea. Watoto wa mbwa wakiwa pamoja hushinda wakiumana masikio na shingo, na humo ndimo wanamojifunza nguvu ya taya zao: mmoja akibana kupita kiasi, mwenzake hulia na mchezo hukatika. Ndiyo maana aliyetenganishwa na mama na ndugu zake mapema mno, kabla ya wiki 8, mara nyingi hubana bila kipimo. Halafu kuna meno yenyewe. Yale 28 ya utotoni huanza kung'oka akiwa na miezi 3 au 4, na hadi miezi 6 au 7 fizi zinamsumbua na anatafuna kila anachokikuta, kiganja chako kikiwemo. Anaweza kukutoa damu pasipo chembe ya hasira.

Upande wa pili nao hauropoki. Mbwa wa kilo 4 akikubana kidole ni kichekesho. Akifika kilo 35 na meno yake 42 ya ukubwani, tabia ni ileile ila ngozi ya mzee haiihimili. Lakini kumpiga marufuku kabisa tangu siku ya kwanza kunamnyima somo. Daktari wa mifugo Ian Dunbar anashauri kwanza afundishwe kubana taratibu, kisha ndipo apunguziwe hadi aache. Naona hapo ndipo penye busara.

Dunbar huyohuyo aliweka ngazi 6 za kupima mng'ato wa mbwa, na ya kwanza inanivutia kuliko zote: mbwa anatisha au anarusha mdomo, meno hayagusi ngozi. Yaani asiyekuacha na alama hata moja anaweza kuwa na shari kuliko yule mdogo aliyekuchubua akicheza. Kidonda kinaonyesha taya zilibana kiasi gani. Nia inabidi uitafute kwenye mwili.

Anayecheza mwili wake umelegea. Anajipindapinda, ulimi nje, pengine anainamisha kifua hadi chini huku makalio yamebaki juu. Anaweza hata kunguruma kwa kelele nyingi. Meno yanashika na kuachia, yanashika na kuachia. Ukiulegeza mkono na kunyamaza, mchezo unamwishia utamu. Anakuachia, pengine anakulamba.

Sasa mtazame mwingine akiwa kwenye bakuli lake. Unapita karibu, naye anaacha kutafuna ila kichwa hakiinuki. Shingo inakakamaa. Jicho linakufuata hadi weupe wake unaonekana pembeni. Yote hayo ni sekunde moja au mbili, na meno hujayaona bado, lakini hapo ndipo pa kurudi nyuma. Mkia usikudanganye: ukiwa juu, mgumu, unatikisika harakaharaka, si wa furaha.

Akinguruma katika hali hiyo, wengi humchapa. Ni sawa na kung'oa king'ora na kuuacha moto uwake: hofu inabaki palepale, na siku nyingine anauma bila kuonya. Nasema hofu kwa sababu mara nyingi ndiyo iliyoko nyuma ya mng'ato, au maumivu. Mbwa mtu mzima aliyekuwa mpole, akianza ghafla kung'ata anaposhikwa sikio au nyonga, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla hajaitwa mkorofi.

Palipo na watoto, mimi nahamia kwa wale wanaokataza meno bila kusita. Mtoto hukimbia, hupiga kelele, hurusha mikono, na yote hayo humpandisha mbwa mori. Tena hajui kuisoma ile shingo iliyokakamaa. Mchezo wa meno na mtoto usiwepo, na wawili hao wasiachwe peke yao.

Damu ikitoka, ubishi wa nia uahirishwe. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na mbwa anaweza kuvitoa siku chache kabla hajaonyesha dalili yoyote. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulize kuhusu chanjo, hata kama alikuwa anacheza.